Hongo ya Kale, Maoni ya Leo

Kuna hoja inayozungushwa siku hizi katika mabaraza yetu ya ushairi kama kahawa ya jioni, na kila aliyekaa hupokea kikombe chake bila ya kuuliza nani aliyeipika. Hoja yenyewe ni hii: Kiswahili kimechelewa katika ulimwengu wa kompyuta, akili mnemba ndiyo itakayoamua lugha ipi itasikika kesho na ipi itanyamaza, basi hatuna budi kuvikaribisha vituo vya data vijengwe katika nchi zetu, na maadam vituo hivyo havishibi umeme, nasi Mwenyezi Mungu ametujaalia gesi, basi gesi na ichomwe. Ukithubutu kuuliza iwapo watakaoishi ubavuni mwa mitambo hiyo wameshauriwa, hujibiwa kwa upole, kama atulizwavyo mtoto: "Usiwe na wasiwasi, wananchi watatoa maoni."

Ni kwa ajili ya neno hilo la mwisho nimeshika kalamu.

Mimi si mhandisi, wala sikubahatika kupita katika chuo chochote. Nilichojifunza nimejifunza kwa kufasiri, na kazi ya mfasiri ni kulishika neno na kuligeuza juu chini mpaka lioneshe lilikotoka. Maoni yametoka katika kuona. Mwenye maoni ni yule aliyekwisha kuona. Ambaye hajaoneshwa kitu hana maoni, ana dhana tu, au ana hofu, au ana adabu ya kumwitikia mgeni aliyekuja na gari. Basi kila niisomapo taarifa kuwa wananchi wa mahali fulani "walitoa maoni" juu ya mradi fulani, swali langu la kwanza ni dogo sana: walioneshwa nini?

Tuanze kwa kuona kitu chenyewe. (Akili mnemba ni jina tulilopewa na wataalamu wa lugha, na wasomaji wa Unguja hawatakosa kutabasamu, kwa kuwa Mnemba waijuayo wao ni kisiwa kidogo ambacho mgeni hulala kwa fedha nyingi na mwenyeji hukitazama kutoka Matemwe.) Kituo cha data ni ghala. Badala ya pembe na karafuu, ndani yake mna safu kwa safu za mashine za kukokotoa, hazilali usiku wala mchana, na hutoa joto jingi hata zikalazimu kupozwa muda wote, mara nyingi kwa maji. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ulikadiria kwamba mwaka 2024 maghala ya namna hii duniani kote yalikula uniti bilioni 415 za umeme, yaani zaidi ya mara ishirini ya umeme wote uzalishwao Tanzania kwa mwaka, na kwamba ifikapo mwaka 2030 ulaji huo utakuwa umezidi maradufu.

Wenye maghala hayo wanaipenda gesi kwa sababu haiwangojeshi. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, lilianza kujengwa mwaka 2019 na mashine yake ya tisa na ya mwisho ikakamilika mwaka 2025. Mtambo wa gesi waweza kuletwa juu ya tela, ukaunganishwa na bomba, ukaanza kuunguruma kabla mwaka haujapinduka. Anayeshindana na wenzake kuwa wa kwanza hatazami mto, hutazama bomba.

Haya yamekwisha kutokea, na hayakutokea kwetu bali Marekani, nchi ambayo tunaambiwa kila siku kuwa raia wake husikilizwa. Mwaka 2024 kampuni ya xAI ya Elon Musk ilifungua kituo chake kikubwa katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Umeme wa gridi haukutosha, ikaleta mitambo ya gesi na kuiwasha bila ya kibali, ikidai kuwa ni ya muda tu. Wanasheria wa mazingira walioipiga picha kutoka angani mwaka 2025 waliihesabu ikafika 35. Karibu na hapo pana mtaa uitwao Boxtown, ulioanzishwa katika karne ya 19 na watu waliotoka utumwani. Gesi ikichomwa hutoa hewa za naitrojeni ambazo zikipigwa na jua hugeuka sumu ya mapafu, na Memphis ulikuwa tayari mji wenye kilio cha pumu. Tarehe 25 Aprili 2025 idara ya afya ya huko iliwaita wananchi katika ukumbi wa shule watoe maoni. Walikuja, wakajaa, wakasema. Mitambo ilikuwa inaunguruma wakati wanasema. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo idara ikatoa kibali cha mitambo 15.

Msomaji atazame mpangilio huo: moto kwanza, maoni baadaye, kibali mwisho. Nilipoisoma habari ile niliandika ubeti mmoja, nao ni huu:

Mwaniuliza maoni, nimekwisha fungwa macho,
Na moto umo jikoni, mwakipika mtakacho,
Nitasema neno gani, kwa jambo lenye kificho?
Nionesheni kilicho, ndipo niwape maoni.

Rafiki yangu mmoja, mshairi mwenye jina kuliko mimi, alinijibu kuwa huko ni kuiga malalamiko ya wazungu, na kwamba sisi hatuna mapokeo ya kuulizwa. Tangu azali mkubwa huamua na mdogo hufuata. Jibu hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu si la kweli, na mimi nimezaliwa mahali panapoweza kulikanusha.

Nimezaliwa Ziba, Unyamwezini, katika nchi iliyowatoa wapagazi. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikaipita Ugogo, ikaingia Tura na kufika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Katika njia ile hapakuwa na msafara uliopita nchi ya mtu bila ya kutoa hongo. Leo neno hili lanuka; kwalo twamtaja karani anayepokea bahasha chini ya meza. Zamani halikuwa hivyo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, ikitolewa mchana kweupe, kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga, kwa masango. Tena haikutolewa mara moja ikaisha. Msafara ulipiga kambi, wajumbe wakaenda na kurudi, mtemi akatuma kusema kuwa nguo ni chache, kiongozi wa msafara akaapa kuwa hana zaidi, siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na pengine ya nne. Burton aliyefika Unyanyembe mwaka 1857 na Stanley aliyefika mwaka 1871 wote wawili wamejaza kurasa kuilalamikia hongo ya Ugogo. Nami nimezisoma kurasa hizo kwa furaha kuliko walivyokusudia waandishi, kwa kuwa kila walipokasirika nimemwona Mgogo amekaa juu ya kisima chake akisema: maji ni yangu, njia ni yangu, tuzungumze kwanza.

Sipambi uzee. Hongo iliingia kwa mtemi, si kwa kila mtu, na katika njia ileile walipitishwa mateka wenye kongwa shingoni ambao hakuna aliyewauliza neno. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia kwa ugomvi wa ushuru na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, hapakuwa na shauri tena bali bunduki. Lakini jambo moja lilikuwa limethibiti: mazungumzo yalikuja kabla ya kupita. Mwenye mzigo alisimama, na mwenye nchi aliweza kukataa, na kukataa kwake kuligharimu. Maoni ya leo yana mwenye kuyakataa? Nani amewahi kuona karatasi ya mahudhurio iliyouzuia mradi?

Kwetu haya si hadithi za wazee. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika wilaya za Nzega na Igunga, na Ziba imo Igunga. Kule Sojo, Nzega, kimejengwa kiwanda cha kuyavika mabomba, kwa sababu mafuta yale ni mazito kama samli ya baridi na lazima yapashwe moto njia nzima. Mikutano ilifanyika, karatasi zikatiwa sahihi. Kisha ikatajwa tarehe ya ukomo, ambayo baada yake mtu hatakiwi kujenga wala kupanda mti wa kudumu katika ardhi iliyopimwa, na wengi wa walioguswa na bomba hilo nchini wakangoja fidia miaka kadhaa huku shamba likiwatazama. Hiyo ni njia ileile ya zamani, imegeuzwa tu mahali na mzigo. Aliyesimamishwa safari hii hakuwa mwenye mzigo bali mwenye nchi.

Na gesi yenyewe ina kisa chake, ambacho wenzangu wa mabarazani wanakisahau kwa wepesi wa ajabu. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilipoamuliwa kuwa gesi ya Mtwara ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba la kilomita zaidi ya 500, watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012, wakiuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: mtambo utajengwa kwao au gesi itapita tu? Swali halikupata jibu la kuwaridhisha. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji uliwaka moto, jeshi likaingia, watu wakafa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Tulizoea kuwaita watu wale wakaidi. Mimi nasema walikuwa wamesimama kisimani kama Mgogo yule, ila hapakuwa tena na desturi ya kupiga kambi na kuzungumza, na mahali pasipo na mazungumzo hubaki mawe na risasi.

Sasa tazama Lamu, kisha uniambie kuwa kuuliza ni anasa ya wazungu. Pale Kwasasi palikusudiwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, karibu na mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Leseni ilikwisha tolewa na mamlaka ya mazingira ya Kenya mwaka 2016. Watu wa Lamu, wavuvi na akina mama miongoni mwao, walikwenda mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ndiyo inayonihusu hapa: mikutano iliyoitwa ya kuwashirikisha wananchi ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Walikuwa wameitwa kutazama kitu ambacho bado hakijachorwa. Hawakuoneshwa, basi hawakuwa na maoni, na baraza likasema hivyo kwa lugha ya sheria. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaushikilia uamuzi huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa watu miongoni mwa maadili ya taifa, na Lamu ndiko neno hilo lilikopata meno.

Niseme na ninalolijua kwa mikono yangu. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi na watu ambao sitawataja, niwafasirie taarifa ya athari za mazingira ya mradi mmoja. Taarifa yenyewe ilikuwa bunda la kurasa zaidi ya 400 za Kiingereza. Nilipewa kurasa 14. Kanuni zetu zadai muhtasari wa Kiswahili, nao walikuwa wanaitimiza kanuni kama mtu atimizavyo deni la mchezo. Katika kurasa zile palikuwa na sentensi iliyotaja madhara ambayo yangebaki hata baada ya hatua zote kuchukuliwa. Nikaandika: "madhara yatakayosalia." Iliporudi kutoka kwao ilisomeka: "madhara yatakayokuwa yamedhibitiwa." Nikapinga. Nikaambiwa wananchi hawataki maneno ya kutisha, na kwamba hata hivyo hakuna atakayesoma. Nililipwa. Muhtasari ukapelekwa vijijini ukiwa umevaa kanzu niliyoishona na kofia nisiyoijua.

Sikudhani wakati ule kuwa jambo hili lina mifano mikubwa zaidi. Olkaria, katika Bonde la Ufa la Kenya, familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa jotoardhi. Zilishitaki kwa Benki ya Dunia, na Jopo la Ukaguzi la benki hiyo likatoa taarifa yake mwaka 2015. Miongoni mwa kasoro ilizozikuta ni namna mashauriano yalivyoendeshwa, ikiwamo lugha ya Kimaa kutopewa nafasi yake. Fikiri, mtu anahamishwa katika kaburi la babaye kwa lugha asiyoiota. Na ni Olkaria hiyohiyo ambako mwezi Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza kujenga kituo cha data kwa dola bilioni 1, kianze na megawati 100 na hatimaye kifike megawati 1,000. Mahitaji ya Kenya nzima, saa ya umeme kuhitajiwa kuliko zote, yalikuwa kama megawati 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2025. Jotoardhi si gesi, nakubali, na moshi wake si uleule. Lakini megawati 1,000 zikienda ghalani, wengine wote watakula nini? Jibu la haraka la kila waziri wa nishati katika kona hii ya dunia linajulikana.

Hapo ndipo itakapoletwa hoja ya haraka. Tutaambiwa kuwa mwekezaji hangoji, kuwa jirani atatupora, kuwa kuuliza kijiji kizima ni kuchelewesha taifa. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2006 tulikwisha kuisikia hoja hii mpaka mwisho wake. Ukame ulishusha mabwawa, umeme ukakatika, na kwa jina la dharura ukatiwa saini mkataba wa Richmond wa mitambo ya gesi ya megawati 100. Februari 2008 kamati teule ya Bunge ilisoma taarifa yake na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kabla ya hapo palikuwa na IPTL, mkataba wa mwaka 1995, uliotulazimu kulipia mtambo wa Tegeta hata ulipokuwa umelala. Katika yote mawili, walioharakishwa ni walipaji. Siku nne za hongo ya Ugogo ni nafuu kuliko miaka ishirini ya mkataba uliosomwa na watu wanane.

Wapo watakaosema kuwa ninayakataa maendeleo ya lugha. La. Natamani mashine inayokijua Kiswahili cha Pemba na cha Tabora, isiyomchanganya mwari na mwali. Lakini mashine hiyo hufunzwa kwa maneno yetu, na hapa mshairi amesimama mahali pamoja na mvuvi wa Songo Songo: mmoja tungo zake zinachukuliwa, mwingine bahari yake, na wote wawili huambiwa baadaye kuwa walishirikishwa. Nashangaa kumwona malenga anayelia kuwa diwani yake imenakiliwa bila ya ruhusa akigeuka kumwambia mwanakijiji aache usumbufu.

Na asidhani msomaji wa visiwani kuwa haya ni ya bara. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa Pemba tangu mwaka 2010 unatoka Tanga. Mnakumbuka Mei na Juni 2008, na mnakumbuka zaidi ile miezi mitatu ya kuanzia Desemba 2009, jenereta zikivuma Darajani na maji yakikosekana mabombani kwa sababu pampu hazina umeme. Hamkuulizwa kabla ya giza lile. Siku ghala la mashine litakapowekwa katika gridi hiyohiyo, nani atakatiwa kwanza pindi umeme ukipungua: ghala lenye mkataba, au Makunduchi?

Basi niseme ninachokidai, kwa uchache. Mkutano uje kabla ya mkataba, na baada ya utafiti, si kinyume chake. Taarifa nzima iwe kwa Kiswahili, na mahali panapozungumzwa Kisukuma, Kinyamwezi, Kimakonde au Kimaa, isomwe kwa sauti kwa lugha hiyo, pamoja na majedwali ya moshi, maji na bei ya uniti. Nayo iandikwe wazi mapema ni jibu gani la wananchi litakaloufanya mradi usijengwe. Kama jibu hilo halipo, wasiitwe, waachwe walime.

Najua nitaulizwa nani atakayezifasiri kurasa 400. Sisi. Katika jarida hili pekee nawahesabu wafasiri wasiopungua kumi ambao wametafsiri vitu vigumu kuliko jedwali la moshi, na kwa malipo haba kuliko haya. Taarifa ya kwanza ya mtambo wa gesi kwa ajili ya kituo cha data itakapowekwa hadharani, hapa Tanzania au Kenya, mhariri anipelekee. Kurasa 40 za mwanzo nitazifasiri mimi bila ya malipo, na sehemu inayoeleza madhara yatakayosalia naiomba iwe yangu. Aliye tayari kuchukua kurasa 40 zinazofuata amwandikie mhariri.